Sentimogani 1,742: dada, shangazi au nyanya?

SWALI: Daktari, nililetwa kwa mama aliyenilea hapa Katindo, Goma, mwaka 2002, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Nilikuwa na miaka minne hivi, na sina karatasi yoyote. Rafiki alinitumia kipimo cha MyHeritage, kampuni ya kupima DNA, kutoka Ubelgiji, nikasugua vijiti shavuni, akavirudisha. Sasa ametokea mama wa miaka hamsini na kitu anayeishi Ubelgiji, tuna sentimogani 1,742 pamoja, yaani kipimo cha DNA tunayofanana. Wameandika anaweza kuwa dada wa mzazi mmoja, shangazi au nyanya. Ni yupi? Na nimwandikie nini?

JIBU: Dada, kwanza upumue, maana namba hiyo ni kubwa. Mzazi na mtoto wake hupata kama 3,400 hadi 3,700, na binamu wa kwanza karibu 850. Ninyi mna robo ya DNA, kwa hiyo ni ndugu wa karibu kweli. Kampuni haikufichi kitu. Robo hiyo hiyo hupatikana kwa dada wa mzazi mmoja, kwa shangazi au mama mkubwa, na kwa nyanya, na hesabu peke yake haiwatenganishi.

Anza na umri, haugharimu kitu. Wewe unakaribia thelathini. Nyanya aliyekuzidi miaka thelathini tu angekuwa amezaa akiwa na kumi na tano, na mtoto wake naye hivyo hivyo. Mtoe. Dada wa mama mmoja anawezekana kwa shida: mama yenu angemzaa yeye akiwa binti mdogo na wewe akikaribia kukoma uzazi. Dada wa baba mmoja hana kizuizi chochote, sote tunawajua wazee ambao kifungua mimba wao analingana umri na mke wa mwisho. Shangazi na mama mkubwa nao wanabaki.

Hapo ndipo kromosomu X, mojawapo ya vifurushi vya DNA tunavyorithi, inasaidia. Baba ana X moja tu, na binti yake huipokea nzima. Kwa hiyo mabinti wawili wa baba mmoja lazima walingane kwenye X hiyo toka mwanzo hadi mwisho, hata kama mama zao hawajawahi kuonana. MyHeritage haionyeshi X, lakini unaweza kupakua faili ghafi ya majibu yako na kuipandisha bure GEDmatch, tovuti ya kulinganisha DNA. Naye afanye hivyo, kwa hiari yake. Mkilingana X nzima, karibu hakika ni dada yako kwa baba, kwa kuwa nyanya mzaa baba, ambaye pia angeweza kutoa picha hiyo, tumeshamtoa kwa umri. X ikionekana vipande vipande, au isionekane kabisa, habari ya baba mmoja imekwisha.

Ikikatika, linabaki suala la upande gani. DNA ya mitokondria hupita kwa mama tu. Zenu zikitofautiana, si wa mama mmoja wala si mama mkubwa wako wa tumbo moja na mama yako. Zikifanana, usishangilie bado, maana watu wengi wasiojuana wana mitokondria ya kundi moja. FamilyTreeDNA, kampuni nyingine ya DNA, wanaipima kwa malipo, kwa hiyo ngoja X iongee kwanza.

Kuna jambo ambalo majedwali ya Ulaya hayalifikirii sana. Kwetu ndugu wawili huoa dada wawili, na watoto wao, ambao ni binamu, hufika robo hiyo hiyo. Mjane akirithiwa na shemeji, watoto wa pande hizo mbili huzidi robo. Muulize huyo mama nani alimwoa nani kwa wazee wake kabla ya kufunga hesabu.

Ile ramani yenye asilimia za makabila achana nayo. Haithibitishi kabila la mtu, na hapa Kivu sitaki uitembeze kama ushahidi.

Ujumbe uwe mfupi: "Jambo mama. MyHeritage inaonyesha sisi ni ndugu wa karibu. Nimelelewa Goma tangu 2002, natafuta nilikotoka. Ukiwa tayari, ningependa kujua wazazi wako walitoka wapi. Siombi msaada wa pesa." Hiyo sentensi ya mwisho usiione aibu, ujumbe wa kutoka Goma kwenda Ubelgiji hushukiwa haraka. Weka na Kifaransa chini yake. Usimwite dada, na usimtaje baba, huenda kuna mke ambaye hajui kitu. Akinyamaza, mwandikie mara moja tena baada ya miezi michache, basi.

Wakati unasubiri, nenda Msalaba Mwekundu, kwenye huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana. Ni bure, na wakimpata mtu humwomba ruhusa kabla ya kukupa anwani yake. Usiende mikono mitupu. Mketishe mama aliyekulea akueleze nani alikuleta, ulikuwa unaitika jina gani, ulivaa nini, na hasa aliyekuleta alikukuta upande gani, kwa sababu siku zile wengine walikimbilia Gisenyi, Rwanda, na wengine Sake, magharibi ya Goma, na jibu hilo litaamua waanze kutafuta kwenye barabara ipi.