Shangazi, niache uwakili niandike riwaya?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 29, ni wakili hapa Mwanza. Nilipokuwa nasoma sheria Malimbe, kurasa za nyuma za daftari zangu zilijaa hadithi. Nilipokwenda Shule ya Sheria Dar es Salaam nikaacha. Sasa nimerudia: naandika riwaya kuhusu kesi niliyoisimamia, ya ndugu wawili waliogombea kiwanja cha marehemu baba yao Ilemela. Nakuambatanishia sura ya kwanza. Nataka kuacha kazi mwisho wa mwezi niimalize. Mama aliuza dagaa Mwaloni ili nisome, na hajui lolote. Nifanyeje?" – Wakili wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Barua ya kuacha kazi ifungie kabatini kwanza. Riwaya siidharau, naogopa kodi ya nyumba.

John Grisham, wakili wa Mississippi kule Marekani, alianza riwaya yake ya kwanza mwaka 1984 huku kesi zikimsubiri. Alikuwa akiamka alfajiri, anaandika, ndipo aende kazini. Ikamchukua miaka 3. Wachapishaji wengi waliikataa, na ilipotoka 1989 zilipigwa nakala 5,000 tu. Uwakili aliuacha baadaye, kitabu cha pili kilipouzika. Na hapo ng'ambo ya maji, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Sasa wewe unataka kuimaliza kwa akiba ya miezi mingapi?

Ila kilichoninyima raha ni wale ndugu wawili. Mmoja wao alikuwa mteja wako. Yaliyosemwa mbele ya hakimu watu waliyasikia, lakini aliyokueleza mlango ukiwa umefungwa bado ni siri yake, hata kama hukumu imeshasomwa. Usidhani kubadilisha majina kunatosha. Ilemela watu wanajuana, na kiwanja chenyewe kipo. Wafanye dada wawili, wahamishie Sengerema, wagombee mtumbwi na injini yake. Badilisha mpaka ufike mahali hujui wao wangefanya nini, ubuni mwenyewe.

Nahisi hata hadithi itapona. Katika sura uliyonitumia kila mtu anajitetea, na wewe unamfuata nyuma na vielelezo! Mwache mmoja adanganye, usimhoji. Msomaji atamkamata mwenyewe.

Mswada ukikamilika, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kipengele cha riwaya. Fuatilia tangazo lao, upeleke.

Mama mwambie Jumapili hii, usingoje asikie kwa majirani. Huna habari mbaya ya kumpa: kazi huachi, unaamka mapema tu, na mtu aliyezoea kuwahi dagaa Mwaloni hatakushangaa kwa hilo. Ukiwa hapo muulize injini ya mtumbwi siku hizi inauzwaje, na nani huishika mwenye mtumbwi akifa. Utayahitaji hayo sura ya pili.