Nimealikwa Mwaka Mpya wa Kichina: niende, au ni ibada ya sanamu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Ninasoma udaktari Wuhan, China. Mwenzangu wa darasani amenialika kijijini kwao, hapa hapa mkoani Hubei, tukale Mwaka Mpya wao. Ameniambia kabla ya kula bibi yake huweka sahani mbele ya ubao wenye majina ya wahenga, huwasha udi, na wote huinama. Wenzangu wa jumuiya kule nyumbani wanasema sikukuu yote asili yake ni upagani, nisikanyage. Niende? Na zile bahasha nyekundu za pesa nipokee?

JIBU: Milele na milele, amina. Nenda, binti yangu, na bahasha pokea kwa mikono miwili kama wenyewe wanavyofanya. Hiyo ni zawadi ya wakubwa kwa wadogo, haina shida. Suala lenye uzito ni ule ubao wa wahenga.

Wenzako hawajakosea kabisa. Tangu zama za kale Wachina walifunga mwaka kwa sadaka ya mwezi wa kumi na mbili: walipeleka nyama ya mawindo kwa wahenga na miungu, kushukuru kwa mavuno. Siku yenyewe ya mwaka mpya ilitulia mahali pake mwaka 104 K.K., pale mfalme Wu wa ukoo wa Han alipotengeneza upya kalenda. Na hapo Hubei mnazo habari zenu za pekee. Katika karne ya 6 mwandishi Zong Lin aliandika desturi za nchi hiyo, ambayo zamani iliitwa Jing na Chu: siku ya kwanza watu waliamka jogoo anapowika, wakachoma mianzi uani ili mlio wake ufukuze pepo wabaya. Fataki zilikuja baadaye. Kuna pia mungu wa jiko, ambaye picha yake ya karatasi hubandikwa jikoni mwaka mzima. Tarehe 23 au 24 ya mwezi wa mwisho humpaka sukari ya kunata mdomoni, kisha humchoma, apande mbinguni kupeleka ripoti tamu juu ya familia. Rushwa ya wazi kabisa, na watoto huimaliza sukari iliyobaki!

Lakini asili ya kitu si hukumu yake yote. Kalenda inayoipanga sikukuu hiyo leo imetokana na ile ya mwaka 1645, na aliyeitengeneza kwa ajili ya mfalme ni padre Mjesuiti, Adam Schall von Bell. Wenzako waambie na hilo.

Kuhusu wahenga, Kanisa liligombana lenyewe kwa lenyewe zaidi ya miaka mia. Padre Matteo Ricci, mmisionari Mjesuiti aliyefariki Beijing mwaka 1610, aliona kuinamia majina ya wazazi ni heshima ya kifamilia. Wadominiko na Wafransisko waliokuja baadaye waliona ni ibada. Mwaka 1700 mfalme Kangxi mwenyewe alitamka kwamba ni heshima tu; Roma haikukubali. Papa Klementi XI alikataza mwaka 1704 na tena 1715, Benedikto XIV akafunga mjadala mwaka 1742. Gharama yake ilikuwa kubwa: Kangxi aliudhika, akapiga marufuku kuhubiri, na Mchina aliyebatizwa akaonekana mtu aliyewakana wazazi wake. Ni tarehe 8 Desemba 1939, chini ya Papa Pius XII, Roma ilipotamka kwamba kuinamisha kichwa mbele ya marehemu, picha yake, au ubao wenye jina lake tu, ni halali na ni jambo jema. Mwaka 1971 kule Taiwan, Kardinali Paul Yu Pin aliongoza mwenyewe ibada ya kuwaheshimu wahenga siku ya mwaka mpya.

Kwa hiyo inama pamoja nao bila hofu. Usichome pesa za karatasi za kuwatumia wafu, wala usimpe chochote mungu wa jiko, kwa sababu hapo heshima imegeuka sadaka. Sisi wenye matambiko makwetu tunaujua mpaka huo vizuri, hata tunapojifanya hatuuoni. Zile sahani zilizotangulia kwa wahenga, Mtume Paulo amekujibu katika 1 Wakorintho 10: ukialikwa, kula unachowekewa bila kuchunguza, ukiambiwa kimetolewa sadaka, kiache. Wewe umeshaambiwa. Mnong'oneze rafiki yako mapema akupakulie kutoka sufuria nyingine, bibi asiaibike mbele ya wageni.

Jambo moja hukuliuliza, nami naliona ndilo litakalokubana zaidi. Mwaka 2026 Mwaka Mpya ni Jumanne tarehe 17 Februari, na kesho yake ni Jumatano ya Majivu. Chakula cha mkesha Jumatatu usiku kula ushibe, nyama ya nguruwe ikiwemo. Jumatano ni mlo kamili mmoja, bila nyama. Samaki na tofu havikosekani meza zile. Mwaka 2018 Mwaka Mpya wa Kichina ulipoangukia Ijumaa ya Kwaresima, maaskofu kadhaa wa Marekani waliwapa waumini wao ruhusa ya kula nyama. Ruhusa kama hiyo mimi siwezi kukupa kutoka huku. Muulize paroko wa hapo unaposali, tena kabla hujapanda treni.