Kabla hujapeleka RNA ya naivu na praimu kusomwa

Jana nimeletewa tena jedwali la sampuli lenye naivu tatu zilizovunwa Machi na praimu tatu zilizovunwa Juni. Ni kijana wa tatu mwaka huu. Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana nafoka. Nyie mnaoanza kulinganisha hali mbili za seli shina pluripotenti za binadamu (seli zinazoweza kugeuka seli za aina yoyote ya mwili), yaani naivu, hali ya mapema zaidi, na praimu, iliyo karibu zaidi kuanza kubobea, kaeni nami kidogo kabla mirija yenu ya RNA, nakala za jeni zinazowaka, haijaingia kwenye barafu kavu.

1. Jeni ya OCT4 haikwambii uko hali gani. Kwenye naivu inawaka, kwenye praimu inawaka. Kinachobadilika ni enhansa, kipande cha DNA kinachoiwasha. Tazama KLF17, DPPA5 na DNMT3L upande wa naivu, na ZIC2, DUSP6 na SFRP2 upande wa praimu. Na acheni kubeba orodha ya jeni za panya. Kila msimu anakuja mtu kakata tamaa kwa sababu ESRRB yake iko chini. Namkalisha, namwambia: hiyo ni alama ya naivu ya panya, kwa binadamu karibu haiwaki. KLF17 ni kinyume chake, kwetu inawaka, kwa seli shina za panya hapana. Mmoja alikuwa ameshatupa sahani mbili za koloni safi kabisa, zimebinuka kama vitumbua, kwa sababu tu ya ESRRB. Nilitamani kulia pamoja naye.

2. Bechi, yaani kundi la sampuli zilizoandaliwa pamoja. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia na nikamuumiza mwenzangu.

Nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari, kwenye maabara moja huku Ulaya. Naivu zangu niliziotesha kwenye PXGL, chakula cha seli za naivu, juu ya seli walezi za panya, MEF, ndani ya inkubeta ya oksijeni asilimia 5. Praimu sikuziotesha mimi. Nilizikuta kwenye friza, RNA tayari, imetolewa na mwanafunzi aliyenitangulia, kutoka kwenye seli zilizokaa kwenye chakula kingine, E8, juu ya utando wa protini ya vitronektini, bila mlezi hata mmoja, kwenye inkubeta ya hewa ya kawaida. Kiti cha kutolea RNA (pakiti ya kemikali) tofauti, mikono tofauti, mwaka tofauti. Nikaona nimeokoa fedha za maabara.

Matokeo yakaja mazuri kupita kiasi. PCA, mchoro unaoweka sampuli zinazofanana karibu karibu, ilitenga makundi mawili, hili huku na lile kule, na maelfu ya jeni yalitofautiana. KLF17 ilikuwa mahali pake, ZIC2 mahali pake, nami nikasema: kama hizi ni sahihi, basi zote ni sahihi. Hilo ndilo kosa lenyewe. Jeni kumi ninazozijua zilinidhaminia maelfu nisiyoyajua.

Na nilionywa. Nilipoweka bechi kwenye fomula ya DESeq2, programu ya kutafuta jeni zinazotofautiana, iligoma. Ilisema matriksi ya modeli haina renki kamili. Maana yake ni nyepesi: safu ya bechi na safu ya hali ni safu moja yenye majina mawili, na hakuna hesabu duniani itakayozitenganisha. Mimi niliona ni kero ya kompyuta. Nikafuta neno bechi kwenye fomula, nikabonyeza tena, ikakubali. Ilikuwa saa nne usiku, nikaenda kulala nimefurahi.

Juu kabisa ya orodha ya naivu zilikuwa COL1A1, COL1A2 na COL3A1, jeni za kolajeni, protini inayoshikilia tishu. Kwenye kikao cha maabara nikatangaza kwamba naivu zinajifumia kolajeni zao wenyewe. Watu walivutiwa. Mwenzangu mmoja, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, alichukua orodha ile akajenga juu yake sura nzima ya tasnifu: akanunua kingamwili, akazima jeni moja baada ya nyingine. Nusu mwaka ulipita hivyo. Kila jaribio likikataa, alidhani mikono yake ndiyo mibaya, na mimi nilimshauri arudie.

Siku moja fundi mkongwe wa maabara yetu alisimama mbele ya bango langu, akauliza swali moja: "Hizo seli zimelala juu ya nini?"

Zimelala juu ya fibroblasti, seli zinazofuma tishu unganishi: MEF ndizo hizo, za viinitete vya panya. MEF ukizipiga mionzi haziendelei kugawanyika, lakini ziko hai na zinatengeneza RNA, na fibroblasti kazi yake ni kolajeni. Vipande vya RNA ya panya vinavyofanana na vya kwetu vilikuwa vimejibandika kwenye jenomu ya binadamu. Nilipopanga upya data yote dhidi ya jenomu mbili zilizounganishwa, ya binadamu na ya panya, kolajeni zikahamia kwa panya karibu zote. Zikabaki CA9, NDRG1 na wenzake, jeni zinazoitikia upungufu wa oksijeni, na hizo hadi leo siwezi kusema ni za naivu au ni za inkubeta. Nilikwenda kumwambia mwenzangu mwenyewe, ana kwa ana. Hakunilaumu. Aliinama akafunga daftari lake taratibu, na nikiona jedwali kama la jana ni daftari lile ninaloliona.

Kwa hiyo: vuna hali zote mbili siku moja, mkono mmoja, kiti kimoja, kwenye oksijeni moja. Ziondoe MEF kwa kuchuja seli kwa SUSD2, protini iliyo juu ya seli za naivu, kwenye saitometa, mashine inayotenga seli moja moja, na bado tumia jenomu mbili. Na visima vitatu vya sahani moja ni sampuli moja, si tatu.

3. Linganisha laini ileile, yaani seli za ukoo mmoja. Laini ya H9 ni XX, ya kike; H1 ni XY, ya kiume. Ukiweka naivu ya H9 dhidi ya praimu ya H1, utavumbua RPS4Y1 na DDX3Y, yaani utavumbua kromosomu Y.

4. Pima maikoplasma, bakteria wadogo wanaochafua seli kimyakimya.

5. Kagua kromosomu, hasa kipande cha 20q11.21 cha kromosomu ya 20: seli zilizokiongeza hupata nakala za ziada za BCL2L1, jeni inayozuia kifo cha seli, hazifi ovyo, na huwameza wenzao taratibu bila wewe kuona kitu kwenye darubini. Na usizirefushe naivu kwa paseji nyingi, yaani kuzihamisha sahani hadi sahani, bila sababu. Alama za imprinti, zile za kemikali kwenye DNA zinazotofautisha nakala ya mama na ya baba, zikifutika, hazirudi hata ukizirudisha seli kwenye praimu.

6. Orodha ya jeni isipitie Excel. Huyageuza majina ya jeni kama SEPT na MARCH kuwa tarehe. Majina hayo yalibadilishwa kwa sababu hiyo, lakini mafaili ya zamani bado yamejaa tarehe.

Wewe uliyeniletea jedwali jana, mdogo wangu, bado una praimu hai kwenye inkubeta ya pili, na naivu zako zitakuwa tayari Jumatano. Futa oda ya kusomesha RNA. Njoo Jumatano saa mbili asubuhi tuzivune zote pamoja, nitashika pipeti nawe.