Pete ya uchawi na kiumbe wa kuitwa

Umeuliza kama pete ya uchawi anayovaa mchezaji inamsaidia kiumbe anayemwita ampiganie mchezoni. Ndiyo, inamsaidia, ila kwa EverQuest, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, lazima pete iwe kidoleni wakati unamwita kiumbe. Nguvu zake hupangwa palepale anapotokea. Ukiivaa baadaye haongezeki kitu. Naona ndiyo sababu kijana wako wa Mkomani anasema pete yake haifanyi kazi. Amwondoe kiumbe, avae, amwite upya.

World of Warcraft, mchezo mwingine wa aina hiyo, ni tofauti: jini wa mchawi huchukua sehemu ya nguvu za bwana wake, kwa hiyo pete ikikuongezea wewe uchawi, na yeye anafaidika.

Kupima, sisi hapa saiba ya Langoni tunafanya hivi: adui wa aina moja na levo (ngazi ya nguvu) moja, kiumbe apigane peke yake, wewe usiguse chochote, halafu soma rekodi ya mapigano. Badilisha pete tu, vingine vyote vibaki. Tafadhali usihukumu kwa mapigo mawili matatu, maana kila pigo hupanda na kushuka kwa bahati. Kwa EverQuest tazama pigo lake kubwa kabisa baada ya vita virefu. Likipanda, kiumbe amepanda levo.

Jihadhari na jambo moja: katika EverQuest ya zamani, bila pete yoyote, uchawi uleule ungeweza kuleta kiumbe wa levo tofauti kidogo kila unapomwita. Kwa hiyo mwite mara nyingi bila pete, kisha mara nyingi ukiwa nayo, ndipo ulinganishe.