Anko, Juba kuna hela?

Vijana wangu wa kijiwe cha Ilala, mmeniuliza tena: "Anko, nchi changa si ndiyo yenye hela? Tuje?" Nawajibu bila kupamba.

Mimi ni fundi jenereta, nipo Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, tangu 2012. Kazi haikosekani, maana umeme wa uhakika hapa ni ule unaouwasha mwenyewe. Chumba ghali, maji tunaletewa na maboza, na pauni ya hapa ukiilaza mfukoni inaamka imekonda.

Ila kilichonitoa jasho ni serikali yenyewe. Kura ya maoni ya kujitenga na Sudan, Januari 2011, ilipita kwa karibu asilimia 99, Julai 9 bendera ikapanda, siku tano baadaye nchi ikawa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa. Chapuchapu! Lakini nchi igawanywe vipi, nani asaini malipo, hayo yanasukwa na kufumuliwa mpaka leo. Walianza na majimbo 10. Mwaka 2015 Rais Kiir akayafanya 28, 2017 yakafika 32. Kila jimbo gavana, kila gavana ofisi, kila ofisi jenereta. Nikaona neema hiyo. Nilifunga moja kubwa, nikalipwa nusu, nikaambiwa nisubiri bajeti. Februari 2020, ili mkataba wa amani wa kumaliza vita ya wenyewe kwa wenyewe uende, wakarudi kwenye 10 na maeneo matatu ya utawala. Mteja wangu, jimbo zima, akafutwa! Aliyerithi mafaili akanitazama, akasema deni hilo si la kwake. Jenereta sikuiona tena.

Msicheke sana. Sisi Tanganyika 1961 tulikabidhiwa serikali yenye makarani na mafaili, na chama cha TANU kilishakuwa na matawi mpaka vijijini. Hapa chama tawala na jeshi vilipikwa chungu kimoja, ndiyo maana ugomvi wa wakubwa ndani ya chama, Desemba 2013, ukalipuka kwenye kikosi cha walinzi wa rais na kuwa vita. Katiba bado ile ya mpito ya 2011. Uchaguzi umeahirishwa weee, sasa wamepanga Desemba 2026.

Hela ipo, kwa wenye hoteli na mashirika wanaolipa dola mkononi. Mwenye ufundi aje, apitie Nimule, mpakani na Uganda. Kazi ya serikali adai chote kabla hajakaza nati ya kwanza. Asiye na ufundi abaki kwanza Ilala ajifunze. Na atakayekuja aniletee filta nne za oili kutoka mtaa wa Gerezani hapo Dar, bei ya huku msiulize.