Bakapu ya saa nane usiku, seva ya saa tano asubuhi

SWALI: Shikamoo kaka. Nasimamia mfumo wa mizani wa wafanyabiashara wa mahindi hapa Kibaigwa. Seva yetu ni mashine pepe ya Linux iliyoko Azure, wingu la Microsoft, na hifadhidata ni PostgreSQL. Jana saa tano asubuhi kijana wetu alifuta jedwali zima la malipo akidhani yuko kwenye seva ya majaribio. Bakapu ya mwisho ni ya saa nane usiku wa kuamkia jana. Malori yanaendelea kupimwa, ila malipo tunaandika kwenye daftari. Nataka kurudisha diski ya bakapu kwenye mashine ileile, jina na anwani ya IP visibadilike, kwa sababu mizani zote zinaitafuta kwa anwani hiyo. Naona chaguo tatu: kuunda mashine mpya, kurejesha diski peke yake, au kubadilisha diski zilizopo. Nibonyeze lipi?

JIBU: Marahaba. Hilo la tatu ndilo linalokuvutia, najua, na ndilo nisingeligusa leo. Hiyo diski unayoiona mbovu ndiyo pekee yenye uzito wa kila lori lililopita mizani tangu saa nane usiku. Ukiweka ya bakapu mahali pake, utapata malipo ya juzi na kurudi nyuma, kisha uanze kutafuta mizigo ya jana na leo. Wewe umepoteza jedwali moja, hujapoteza seva.

Kwanza piga snapshoti (nakala ya papo hapo) ya diski zote za mashine kama zilivyo sasa, na ubovu wake. Halafu chagua kuunda mashine mpya kutoka kwenye bakapu: ya muda, jina tofauti. PostgreSQL ikiwaka humo itajiweka sawa yenyewe kwa kusoma kumbukumbu zake za miamala, hata kama bakapu ilichukuliwa ikiwa kazini.

Hapa kuna mtego ulionikuta mimi mwenyewe. Nilirejesha seva ya ushirika mmoja wa zabibu, nikaenda kunywa chai. Mashine mpya iliamka ikijiona ndiyo ile ya zamani, ikatekeleza kazi zake za ratiba, na wakulima wakapokea mara ya pili ujumbe wa malipo waliyokwisha kulipwa. Siku mbili nzima nilikuwa napokea simu. Kwa hiyo funga mlango wa kutoka kwenda intaneti kwenye kanuni za mtandao kabla mashine haijawaka, uache njia yako ya kuingilia tu.

Ukishaingia, toa jedwali lile kwa pg_dump -t malipo, pata faili, lihamishie kwenye seva halisi na ulipakie kwa psql. Kama kijana alifuta safu mlalo tu (rekodi) na jedwali lenyewe lipo, ongeza --data-only. Kama alilifuta lote kwa CASCADE (hufuta na vinavyolitegemea), kagua majedwali mengine: funguo za kuunganisha majedwali zilizokuwa zikielekea kwenye malipo nazo zimekwenda, itabidi uziunde upya. Malipo yaliyoingia kati ya saa nane usiku na saa tano asubuhi hayamo kwenye bakapu, na yalikuwa kwenye jedwali lililofutwa. Hayo yatoke kwenye stakabadhi. Kuwa mwangalifu na saa pia: kumbukumbu za seva nyingi huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiona 23:00 ya tarehe ya juzi, hiyo ndiyo saa nane usiku yako.

Sasa, siku ambayo seva yenyewe itaharibika, ndipo swali lako lenyewe linapopata jibu lake. Chaguo la kubadilisha diski zilizopo linadai mashine iwe bado ipo. Ukishaifuta kwa hasira, limefungwa. Azure hupiga snapshoti ya hali ya sasa kabla ya kubadilisha, na diski za zamani hubaki kwenye kundi la rasilimali. Jina, kadi ya mtandao na anwani ya ndani haviguswi. Anwani ya hadharani hakikisha imewekwa kuwa ya kudumu kabla hujazima. Na uzime kutoka kwenye ukurasa wa wingu hadi isomeke kuwa imeachiliwa (deallocated). Kuzima kwa amri ndani ya Linux hakutoshi, na bado unatozwa. Diski ya muda inayokuja na mashine itafutika, kwa hiyo kama kuna mtu alihifadhi kitu humo, kitoe. Ukiwasha, nywila zitakuwa zile za siku ya bakapu. Watu wengi hudhani wamefungiwa nje, kumbe walibadilisha nywila wiki iliyopita.

Ikiwa hifadhidata iko kwenye diski yake ya data, kazi ni nyepesi zaidi na mashine haina haja ya kuzimwa. Simamisha PostgreSQL, fanya umount (tenganisha diski na mfumo), chomoa diski ya zamani, chomeka iliyorejeshwa kwenye namba ileile ya LUN, yaani nafasi yake kwenye mashine. Diski iliyorejeshwa ni nakala ya kila kipande, hivyo inabeba UUID (namba ya utambulisho) ileile, na fstab, faili la orodha ya diski za kufunguliwa, iliyoandikwa kwa UUID itaikuta bila kuhaririwa. Iliyoandikwa /dev/sdc ni bahati nasibu, majina hayo hubadilika. Ongeza neno nofail kwenye fstab ili diski ikikosekana mashine isigome kuwaka.

Kwa sababu hiyohiyo ya UUID, usichomeke diski ya zamani na nakala yake kwenye mashine moja kwa pamoja. XFS, mmoja wa mifumo ya faili ya Linux, itakataa kuifungua ya pili mpaka utumie mount -o nouuid. Ikiwa ni diski ya mfumo ni balaa zaidi: mashine inaweza kuwaka kutoka kwenye ile usiyoitaka, nawe ukarekebisha faili mchana kutwa bila kuona mabadiliko. Ukaguzi fanyia kwenye mashine nyingine.

Mashine ya muda ifute ukimaliza, pamoja na diski yake, maana diski isiyochomekwa popote inaendelea kutozwa. Snapshoti ya ubovu iache mpaka mhasibu alinganishe daftari na mfumo. Na huyo kijana mpe akaunti isiyo na ruhusa ya kufuta majedwali, halafu ubadilishe rangi ya skrini ya seva halisi iwe nyekundu. Yangu mimi ni nyekundu tangu ile siku ya zabibu.