Gari langu laonekana vipande vipande ramanini

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata leseni ya redio ya ridhaa (ile ya watu binafsi, isiyo ya biashara) hivi karibuni, na katika gari langu nimefunga redio iliyounganishwa na kipokezi cha GPS ili itangaze mahali nilipo kwa APRS, mfumo wa wanaredio wa kurushiana taarifa fupi za kidijitali. Nimeipanga itume kila baada ya sekunde 10, lakini njia yangu katika ramani ya intaneti ina mapengo makubwa, ilhali mwenzangu anayetuma kila baada ya dakika moja au mbili huonekana vizuri zaidi. Je, tatizo ni antena? Na je, mtu asiye na leseni anaweza kujua ninapoishi?

JIBU: Ndugu msomaji, antena yafaa kukaguliwa, lakini katika maelezo yako kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo sekunde 10. Vituo vyote vya APRS vya eneo moja hutumia masafa mamoja, ambayo Ulaya ni megahezi 144.800 na Amerika ya Kaskazini ni 144.390, tena kwa kasi ndogo ya biti 1200 kwa sekunde. Hivyo tangazo moja fupi, ukijumlisha muda ambao redio huhitaji ili itulie kabla ya kutuma, huchukua karibu sekunde nzima. Kisha vituo vya kurudia, ambavyo wanaredio huviita dijipita, hulipokea tangazo hilo na kulirusha upya katika masafa hayohayo, kwa hiyo kila unapotuma mara moja, hewa hushughulishwa mara mbili au tatu.

Matangazo ya mahali hayathibitishwi na mpokeaji, na tangazo likipotea limepotea. Gari lako na la mwenzako yanaweza kuwa pande mbili za kilima, kila moja likidhani masafa yako wazi, yakatuma kwa pamoja, na dijipita iliyo kileleni ikapokea mchanganyiko usiosomeka. Kadiri watu wanavyotuma mara nyingi ndivyo migongano hiyo inavyozidi, nawe unawapotezea wengine nafasi pamoja na yako mwenyewe. Hilo si dogo, kwa maana Bob Bruninga, Mmarekani aliyebuni APRS, alisisitiza kwamba mfumo huu si wa kufuatilia magari tu, bali ni wa mawasiliano ya pande mbili ya papo kwa papo, yenye ujumbe mfupi na taarifa za hali ya hewa ndani yake. Mpanda mlima mwenye redio dhaifu ya mkononi anaweza kuwa anajaribu kupenyeza ujumbe wa dharura wakati huohuo.

Kipange chombo chako kitume kwa kufuata mwendo: kitangaze gari linapokata kona, kipunguze katika barabara iliyonyooka, na gari likiegeshwa, nusu saa kati ya tangazo na tangazo yatosha. Katika sehemu ya mpangilio inayoziambia dijipita zirudie tangazo mara ngapi, gari linatosheka na WIDE1-1,WIDE2-1, yaani kurudiwa kwa hatua mbili. Usiongeze zaidi ya hapo.

Kuhusu swali lako la pili, ndiyo, anaweza. Vituo vya lango hupeleka karibu kila kinachosikika kwenye intaneti, ambako tovuti kama aprs.fi huonyesha na kuhifadhi nyendo zako pamoja na alama yako ya mwito (jina la kituo chako hewani), wala hakuna leseni inayohitajika ili kuzitazama. Usitegemee kuficha taarifa hizo kwa msimbo, kwa kuwa redio za ridhaa hufanya kazi kwa uwazi. Hata hivyo, mfumo wenyewe unaruhusu kutojaza tarakimu za mwisho za latitudo na longitudo. Usipojaza mbili, mahali pako panajulikana kwa usahihi wa dakika moja tu ya latitudo, yaani takriban kilomita 1.85. La hakika zaidi ni kuzima utumaji kabla hujaingia mtaa unaokaa, na kuuwasha tena ukiwa umekwisha kuutoka.